SOMO LA 9: KUSOMA ALAMA ZA TAIRI LA GARI LA ZAMANI
Ufahamu wa habari yenye namba na vifupisho

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
(a) kueleza maana ya kila namba na herufi katika alama ya tairi;
(b) kutofautisha alama za kisasa na za magari ya zamani;
(c) kukokotoa kipenyo cha tairi na kulinganisha matairi mawili;
(d) kujibu maswali ya ufahamu na ufupisho yanayotokana na habari yenye takwimu.

Utangulizi

Mtahiniwa, katika masomo yaliyotangulia tulifanya ufahamu wa hadithi, hotuba na barua. Humo maana hubebwa na sentensi. Leo tunasoma habari ya aina nyingine, ambayo maneno ni machache na maana imebanwa ndani ya namba. Watahiniwa wengi wakikutana na habari ya namna hii huruka namba na kusoma maneno yaliyobaki. Wanapofika kwenye maswali hugundua kwamba majibu yote yalikuwa kwenye zile namba walizoziruka.

Nimechagua alama ya tairi kwa sababu mbili. Kwanza, ni mfano mzuri wa habari iliyobanwa: kila sehemu ina mahali pake, na ukibadilisha sehemu moja maana yote inabadilika. Pili, mimi mwenyewe niliwahi kuruka namba hizo, na gharama yake haikuwa maksi.

Kisa: Kumi na tano ni kumi na tano

Baba yangu mdogo ana Volkswagen Beetle, ile gari yenye mgongo kama wa kobe. Gari za aina hii zilitengenezwa kuanzia mwaka 1938 hadi 2003, na idadi yake ilipita milioni 21. Wazee wetu wanaikumbuka pia kwa sababu ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1962. Ya baba mdogo ilikaa miaka mingi chini ya mwembe pale nyumbani Morogoro. Alipostaafu aliifufua injini, akabakiza matairi tu.

Desemba 2021 tulikwenda pamoja kununua matairi ya mtumba. Matairi yake ya awali yalikuwa na alama 165 R15. Muuzaji hakuwa nayo. Alituletea manne yaliyoandikwa 185/65 R15 88S, akasema, "Kumi na tano ni kumi na tano, mzee wangu. Likiingia kwenye rimu, hilo ni tairi lako."

Baba mdogo alinigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye msomi. Unaonaje?"

Niliangalia kashata, nikaona ni nene. Nikajibu, "Yako vizuri, baba mdogo."

Siku tatu baadaye, akiwa njiani kwenda Dodoma kwenye harusi, tairi la nyuma upande wa kushoto lilipasuka. Gari likayumba, likatoka barabarani na kuangukia mtaroni. Alivunjika mfupa wa bega. Alikuwa peke yake garini, na hakukuwa na mtu anayetembea kando ya barabara wakati ule. Hilo tunamshukuru Mungu hadi leo.

Fundi aliyelivuta gari alinionyesha mabaki ya lile tairi. Karibu na rimu mpira ulikuwa na nyufa nyingi nyembamba, kama udongo wa jaruba lililokauka. Kisha akaweka kidole kwenye namba nne ndogo zilizozungushiwa duara: 3508. "Mwalimu," aliniuliza, "hii nayo hukuisoma?"

Sikuisoma. Nilikuwa na shahada ya ualimu, maandishi yote yalikuwa mbele ya macho yangu, na nilitazama kitu kimoja tu. Somo hili linakufundisha kile ambacho siku ile nilipaswa kukifanya.

Sehemu A: Alama ya kisasa

Chukua alama iliyokuwa kwenye tairi la kisa chetu: 185/65 R15 88S. Isome kutoka kushoto kwenda kulia, sehemu moja baada ya nyingine.

185 ni upana wa tairi, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, kwa milimita.

65 ni urefu wa ubavu, yaani kutoka kwenye rimu hadi juu ya tairi. Angalizo: hii si milimita wala inchi. Ni asilimia ya upana. Maana yake ubavu wa tairi hili ni asilimia 65 ya milimita 185.

R inaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa. Ni kifupi cha radiali. Mtaani watu wengi husoma R15 kama "rimu 15". Hilo ni kosa. R haihusiani na neno rimu.

15 ni kipenyo cha rimu ambayo tairi linakaa, kwa inchi.

88 ni namba ya uzito. Nayo si kilo 88. Ni namba ya kwenye jedwali maalumu, na kila namba ina kilo zake kwa tairi moja:

80 – kilo 450
82 – kilo 475
84 – kilo 500
86 – kilo 530
87 – kilo 545
88 – kilo 560
91 – kilo 615

S ni herufi ya mwendo, yaani mwendo wa juu kabisa ambao tairi limetengenezwa kuuhimili:

Q – kilomita 160 kwa saa
R – kilomita 170 kwa saa
S – kilomita 180 kwa saa
T – kilomita 190 kwa saa
H – kilomita 210 kwa saa

Umeona kwamba katika alama moja fupi kuna vipimo vya milimita, asilimia, inchi, kilo na mwendo? Hapa ndipo mtego ulipo. Alama haikuandikii vipimo hivyo. Wewe ndiye unayetakiwa kuvijua kutokana na mahali namba ilipokaa. Pia umeona kwamba herufi R ikikaa katikati ina maana moja, na ikikaa mwisho ina maana nyingine. Kwa hiyo usikariri herufi peke yake. Kariri herufi na nafasi yake.

Sehemu B: Alama za magari ya zamani

Mwenye gari la zamani ana kazi ya ziada. Kitabu cha gari lake kiliandikwa kwa alama za wakati ule, na dukani anakutana na alama za leo. Lazima ajue lugha zote mbili. Ziko alama za aina tatu ambazo utakutana nazo.

1. Alama ya inchi, mfano 5.60-15. Hii ndiyo iliyokuwa kwenye Beetle nyingi za zamani. Namba 5.60 ni upana kwa inchi, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukitaka kujua upana huo kwa milimita, zidisha kwa 25.4:

5.60 × 25.4 = milimita 142.24

Kistari kilicho katikati si cha kutenganisha tu. Kinakuambia kwamba tairi si radiali. Ni tairi la nyuzi mshazari: tabaka za nyuzi zimepita kwa kuegama na kupishana, kama miaa iliyosukwa kwenye mkeka. Katika tairi la radiali nyuzi hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na chini ya kashata huwekwa mkanda wa kuimarisha. Kampuni ya Michelin ya Ufaransa ndiyo iliyosajili hataza ya tairi la radiali mwaka 1946, na taratibu radiali ikachukua nafasi ya mshazari kwenye magari madogo.

Urefu wa ubavu haukuandikwa katika alama hii. Kwenye matairi hayo ya kale ubavu ulikaribia kulingana na upana.

2. Alama ya milimita isiyo na asilimia, mfano 165 R15. Hapa upana ni milimita 165, aina ni radiali, na rimu ni inchi 15. Urefu wa ubavu haukutajwa. Usidhani kwamba haupo. Tairi la namna hii huchukuliwa kuwa na ubavu wa takribani asilimia 80 ya upana. Ndiyo maana leo mwenye gari la 165 R15 anaweza kutafuta 165/80 R15.

3. Alama yenye herufi ya mwendo katikati, mfano 165 SR 15. Zamani herufi ya mwendo iliwekwa ndani ya alama, kabla ya R. Kwa hiyo SR maana yake ni mwendo wa S kwenye tairi la radiali, na HR ni mwendo wa H kwenye tairi la radiali.

Wenye Beetle waliotoka kwenye 5.60-15 na kuhamia radiali kwa kawaida huweka 155 R15 au 165 R15. Lakini kumbuka jambo moja la usalama: usichanganye radiali na mshazari kwenye ekseli moja. Matairi hayo hushika barabara kwa namna tofauti, na gari huvuta upande mmoja kwenye kona au ukifunga breki. Lililo bora ni yote manne yawe ya aina moja.

Sehemu C: Kukokotoa kipenyo

Kipenyo cha tairi zima ni rimu na ubavu mara mbili, kwa sababu kuna ubavu juu ya rimu na ubavu chini yake. Watahiniwa wengi husahau ule wa pili.

Kanuni: Kipenyo = (rimu × 25.4) + (upana × asilimia ya ubavu × 2)

Mfano wa 1: 165 R15 (ubavu asilimia 80)

Rimu: 15 × 25.4 = milimita 381
Ubavu: 165 × 0.80 = milimita 132
Ubavu mara mbili: 132 × 2 = milimita 264
Kipenyo: 381 + 264 = milimita 645

Mfano wa 2: 185/65 R15

Rimu: 15 × 25.4 = milimita 381
Ubavu: 185 × 0.65 = milimita 120.25
Ubavu mara mbili: 120.25 × 2 = milimita 240.5
Kipenyo: 381 + 240.5 = milimita 621.5

Tofauti ni 645 – 621.5 = milimita 23.5. Kwa asilimia:

23.5 ÷ 645 × 100 = asilimia 3.6

Mafundi wengi hutumia kanuni kwamba tofauti isizidi asilimia 3. Tairi la kisa chetu lilizidi. Angalia pia jambo linaloshangaza: tairi lenye namba kubwa zaidi mwanzoni, 185, ndilo fupi. Upana si urefu.

Tofauti hii inafanya nini? Kipima mwendo cha Beetle huhesabu mizunguko ya gurudumu. Gurudumu likiwa dogo, kila mzunguko unasogeza gari umbali mfupi zaidi, lakini kipima mwendo hakijui. Kikionyesha kilomita 80 kwa saa, mwendo halisi ni:

80 × 621.5 ÷ 645 = kilomita 77 kwa saa, kwa kukadiria

Tairi likiwa kubwa kuliko la awali mambo yanageuka: dereva anakwenda kasi kuliko anavyoonyeshwa, na hiyo ni hatari zaidi. Kwa mfano, 205/70 R15 ina kipenyo cha milimita 668. Kipima mwendo kikionyesha 80, gari linakwenda karibu 83.

Sehemu D: Maandishi mengine ubavuni

Tarehe ya kutengenezwa. Tafuta herufi DOT, ambazo ni za Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. Mwishoni mwa mstari wake kuna namba nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa hiyo 3508 ni wiki ya 35 ya mwaka 2008. Mstari huu mara nyingi hukamilika upande mmoja tu wa tairi, hivyo usipouona, geuza upande wa pili. Tairi lenye namba tatu badala ya nne lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000.

Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Jua, joto na hewa huufanya ukakamae na kupasuka. Watengenezaji wengi hushauri tairi lililotimiza miaka 10 liondolewe hata kama kashata zake bado zinaonekana nzuri. Hili linawahusu zaidi wenye magari ya zamani, kwa kuwa magari yao hutembea mara chache. Tairi lao huzeeka kabla ya kuisha.

TWI. Herufi hizi ndogo zinaelekeza mahali penye vituta vidogo ndani ya mifereji ya kashata. Kashata zikilika mpaka zikalingana na vituta hivyo, zimebaki milimita 1.6, na tairi limekwisha.

TUBELESS au TUBE TYPE. La kwanza ni tairi linaloweza kutumika bila tyubu. La pili linahitaji tyubu. Rimu nyingi za magari ya kale hazina tuta la ndani la kushikilia tairi lisilo na tyubu, hivyo mwulize fundi kabla ya kufunga.

Upana wa rimu. Huu haumo kwenye alama ya tairi, lakini ni lazima ujulikane. Rimu za Beetle ni nyembamba, inchi 4 au 4 na nusu. Tairi la 185/65 R15 limetengenezwa kwa rimu ya kuanzia inchi 5. Kwenye rimu nyembamba linabanwa, mbavu zinavimba, na halikai sawa barabarani.

Sehemu E: Turudi kwenye tairi la baba mdogo

Sasa tunaweza kulisahihisha lile tairi kama tunavyosahihisha karatasi ya mtihani.

1. Je, kipenyo cha rimu ni kile kile? Ndiyo, inchi 15.
2. Je, aina ya nyuzi ni ile ile? Ndiyo, radiali.
3. Je, uzito unatosha? Ndiyo, 88 ni kilo 560 kwa tairi.
4. Je, mwendo unatosha? Ndiyo, S ni kilomita 180 kwa saa.
5. Je, upana unaifaa rimu ya gari? Hapana.
6. Je, kipenyo cha tairi kimo ndani ya asilimia 3? Hapana, ni asilimia 3.6.
7. Je, umri ni chini ya miaka 10? Hapana, lilikuwa na miaka 13.

Lilipata maswali 4 kati ya 7. Kwenye mtihani hiyo ni zaidi ya nusu, na mtu angefaulu. Kwenye tairi si hivyo. Hapa swali moja la 7 lilitosha kumpeleka mzee hospitalini. Muuzaji alijibu swali la 1 peke yake, akaona amemaliza. Mimi nilitazama kashata, ambazo hata hazimo kwenye orodha hii, nikaona nimemaliza. Tairi kuingia kwenye rimu si kulifaa gari.

Sehemu F: Makosa ya kawaida ya watahiniwa

1. Kuacha kipimo. Mtahiniwa anaandika "185 ni upana". Upana wa nini, kwa kipimo gani? Andika: "Upana wa tairi ni milimita 185."
2. Kulinganisha namba zenye vipimo tofauti. Kusema tairi la 165 ni pana kuliko la 5.60 "kwa sababu 165 ni kubwa" ni kosa, hata kama jibu limetokea kuwa kweli. Badili kwanza inchi kuwa milimita.
3. Kusoma asilimia kama urefu. Namba 65 si milimita 65.
4. Kuongeza ya kwako. Kifungu kikisema tairi lilikuwa na nyufa, usiandike kwamba dereva alikuwa mlevi. Jibu kwa yaliyomo.
5. Kunakili kifungu. Swali la ufupisho linataka maneno yako, si sentensi za mwandishi zilizokatwakatwa.

ZOEZI

1. Eleza maana ya kila sehemu ya alama 175/70 R14 84T.
2. Mwenye Peugeot 504 ana matairi ya 175 R14. Dukani amepewa 175/70 R14 na kuambiwa, "Ni yale yale, yanaanza na 175 na kuishia na 14."
 (a) Kokotoa kipenyo cha kila tairi. Chukua ubavu wa 175 R14 kuwa asilimia 80.
 (b) Tofauti ni asilimia ngapi?
 (c) Kipima mwendo kikionyesha kilomita 100 kwa saa, mwendo halisi utakuwa kiasi gani?
3. Kistari kwenye alama 5.60-15 kinatuambia nini?
4. Gari lina uzito wa kilo 1,200 likiwa na watu na mizigo. Asilimia 60 ya uzito iko nyuma, kwa kuwa injini iko nyuma. Kila tairi la nyuma linabeba kilo ngapi? Je, tairi lenye namba ya uzito 80 linatosha?
5. Tairi lina mstari wa DOT unaoishia na 1117. Mnunuzi amelikuta dukani Juni 2025. Lina umri gani, na utamshauri nini?
6. Kwa nini mwandishi anasema gharama ya kuruka namba "haikuwa maksi"?
7. Kwa maneno 40 hadi 50, fupisha hatua ambazo mnunuzi wa matairi ya gari la zamani anapaswa kufuata.

MAJIBU

1. Upana wa tairi ni milimita 175. Urefu wa ubavu ni asilimia 70 ya upana, yaani milimita 122.5. R ni tairi la radiali. Kipenyo cha rimu ni inchi 14. Namba 84 inaonyesha kwamba tairi moja linahimili kilo 500. Herufi T ni mwendo wa juu wa kilomita 190 kwa saa.

2. (a) Rimu: 14 × 25.4 = milimita 355.6.
 175 R14: 175 × 0.80 × 2 = 280; 280 + 355.6 = milimita 635.6.
 175/70 R14: 175 × 0.70 × 2 = 245; 245 + 355.6 = milimita 600.6.
 (b) 635.6 – 600.6 = 35; 35 ÷ 635.6 × 100 = asilimia 5.5. Si yale yale.
 (c) 100 × 600.6 ÷ 635.6 = kilomita 94.5 kwa saa.

3. Kinatuambia kwamba tairi ni la nyuzi mshazari, si radiali.

4. Uzito wa nyuma: 1,200 × 0.60 = kilo 720. Kila tairi: 720 ÷ 2 = kilo 360. Namba ya uzito 80 ni kilo 450, hivyo linatosha kwa uzito huo. (Mwanafunzi anayeongeza kwamba namba ya uzito isiwe chini ya ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari amesoma vizuri.)

5. Lilitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2017, yaani katikati ya Machi. Juni 2025 lina miaka 8 na takribani miezi 3. Bado halijatimiza miaka 10, lakini limebakiwa na muda mfupi. Ashauriwe akague nyufa na atafute tairi jipya zaidi, hasa kama gari lake halitembei mara kwa mara.

6. Kwa sababu matokeo yake yalikuwa ajali iliyomvunja baba yake mdogo mfupa wa bega. Hakupoteza alama za mtihani, bali nusura apoteze ndugu.

7. Mnunuzi asome kwanza kibati au kitabu cha gari. Kisha alinganishe upana, urefu wa ubavu, aina ya nyuzi na rimu. Akokotoe kipenyo na kukilinganisha na cha tairi la awali. Ahakikishe uzito na mwendo havipungui. Mwisho asome tarehe ya kutengenezwa, akague nyufa na kashata, ndipo alipe. (Maneno 44)

Kazi ya nyumbani

Kabla ya somo la 10, nenda kwenye gari lolote lililosimama karibu nawe: la jirani, la shule, hata daladala iliyo kituoni. Omba ruhusa kwanza. Nakili alama ya tairi moja na namba nne za tarehe, kisha uzieleze kwa sentensi kamili kwenye daftari lako. Ukikuta tairi limepita miaka 10, mwambie mwenye gari kwa adabu. Baba mdogo amepona na bado anaipenda Beetle yake. Sasa ina matairi ya 165/80 R15 87T. Kabla hajalipa alinipa tochi, akanisimamisha mbele ya kila tairi na kusema, "Soma kwa sauti, mwalimu." Nilisoma yote manne, pande zote mbili.